Jaji Kiwanuka na Sheria Isiyofutwa

Askari aliyepo Kisoko, au njiani kati ya Tororo na mpaka wa Busia, humkamata mtu kwa nguvu ya sheria aliyokabidhiwa. Sheria hiyo ikifutwa, nguvu yake nayo hukoma; isipofutwa, humfunga askari kama imfungavyo raia. Leo twaona vema kumkumbuka hayati Benedicto Kiwanuka, aliyeuawa kwa sababu ya kulishika neno hilo.

Kiwanuka alizaliwa Masaka mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la Kiingereza, hivyo maisha ya kambini na utii wa amri hayakuwa mageni kwake. Baadaye alikwenda London kusomea sheria, akawa wakili mwaka 1956. Mwaka 1958 alichaguliwa kukiongoza chama cha Democratic Party, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Chama chake kiliposhindwa katika uchaguzi wa Aprili, aliondoka madarakani. Mwaka 1969 aliwekwa kizuizini, akaachiliwa Januari 1971 baada ya jeshi kutwaa serikali. Mwaka huo huo Idi Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu.

Kwa desturi, sheria iliyotungwa na Bunge hufutwa na Bunge. Mswada husomwa na kupitishwa, Rais hutia sahihi, kisha habari hutangazwa katika Gazeti la Serikali ili kila mtu ajue. Mwaka 1971 njia hiyo ilifungwa. Bunge lilivunjwa, baadhi ya sehemu za Katiba ya 1967 zikasimamishwa, na sheria zikawa zinatungwa kwa amri za Rais. Amri mojawapo iliwapa askari jeshi uwezo wa kukamata watu. Lakini ile sheria ya zamani, imruhusuyo mahabusu kuletwa mbele ya jaji ili sababu ya kushikwa kwake ichunguzwe, haikufutwa. Ilibaki kitabuni.

Septemba 1972 raia mmoja wa Uingereza aliyeshikwa na wanajeshi aliomba hifadhi ya sheria hiyo. Kiwanuka alilisikiliza shauri, akaona kuwa mtu huyo ameshikwa kinyume cha sheria, akaamuru aachiliwe. Alijua hasira ya mwenye madaraka, lakini alihukumu kwa sheria iliyokuwapo.

Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walimtoa katika Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe. Hakurudi tena, wala mwili wake haukupatikana. Sheria ilikuwa ingali hai. Aliyefutwa ni mtu aliyeisimamia.

Utawala ule uliangushwa mwaka 1979. Katiba ya 1995 imeagiza kwamba aliyekamatwa kwa tuhuma afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na kwamba haki ya kuletwa mbele ya jaji haiwezi kuondolewa kwa hali yoyote. Ndugu zetu mlindao mpaka, mnapoandika jina la mahabusu kitabuni, andikeni na saa aliyoshikwa. Saa hiyo ndiyo mwanzo wa haki yake, na Kiwanuka aliifia.