Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Nyumba, Kaburi na Kamusi

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na jina la Johann Ludwig Krapf mapema katika masomo yake. Hutajwa kuwa mwandishi wa sarufi ya awali ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1850, na mtayarishaji wa kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882. Mara nyingi maelezo hayo hutoshea katika aya moja, kisha mjadala huendelea kwa Steere, Madan na Kamati ya Lugha. Jambo lisilotajwa ni kwamba Krapf hakuja Mombasa akiwa mtafiti mpweke. Alikuja na mke mjamzito kwa nia ya kufanya maskani, na katika muda wa miezi michache tu akabaki peke yake. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuanzia nyumbani kwake, kwa kuwa kazi yake ya lugha haieleweki vyema ikitengwa na msiba uliompata pamoja na watu waliomfaa baada ya msiba huo.

Asili na safari za mwanzo

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na Church Missionary Society, chama cha misheni cha Kiingereza kilichokuwa na uhaba wa wamisionari Waingereza na hivyo kikawategemea Wajerumani wengi.

Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi. Huko alijifunza Kiamhari na kufika hadi Shoa, katika milki ya mfalme Sahle Selassie. Ni huko vilevile alikoanza kuwawazia Waoromo, ambao maandishi ya zama zile yaliwaita kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi. Krapf aliamini kwamba Waoromo wangekuwa mlango wa kuingilia Afrika ya kati. Imani hiyo ndiyo iliyomleta Mombasa hatimaye. Njia za kaskazini zilipofungwa, aliamua kuwafikia kutoka kusini, yaani kutoka pwani ya Waswahili.

Mwaka 1842, nchini Misri, alimwoa Rosine Dietrich, mwanamke kutoka Basel. Hapo awali Rosine alikuwa mchumba wa mmisionari mwingine aliyefariki kabla ya ndoa. Maisha yao ya pamoja yalikuwa ya safari tangu mwanzo. Mwaka 1843 walijaribu kurejea Shoa kupitia Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu. Walipokuwa njiani kuelekea bara, Rosine alijifungua kabla ya wakati wake, nyikani, mbali na mji na mkunga. Mtoto alikuwa wa kike. Walimpa jina la Kiamhari lenye maana ya chozi, na wakamzika kando ya njia. Safari yenyewe haikufaulu, ikawabidi warudi walikotoka.

Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kuuliza maswali. Je, ilikuwa busara kumwingiza mwanamke mjamzito katika nyika ile? Wapo watakaojibu kwamba Rosine alikuwa mmisionari kwa hiari yake na alikwisha kuuchagua wito huo kabla ya kukutana na Krapf. Wapo pia watakaosema kwamba hiari ya mke katika karne ya 19 ilikuwa na mipaka yake. Lililo wazi ni kwamba somo la nyikani halikuwarudisha nyuma. Kufikia mwisho wa mwaka ule ule, Rosine akiwa mjamzito tena, walipanda chombo huko Aden kuelekea kusini. Chombo hicho kilishika maji, wakalazimika kurudi Aden na kuanza safari upya.

Mombasa ya mwaka 1844

Pepo za kaskazi ziliwafikisha Mombasa mwanzoni mwa Januari 1844. Mji waliouona haukuwa mkubwa. Leo mtu akisimama Tononoka yumo katikati ya mji, na ni mwendo mfupi kufika Mji wa Kale upande mmoja na Daraja la Nyali upande mwingine. Zama zile mji wote ulikuwa umebanana upande wa mashariki wa kisiwa, jirani na Ngome ya Yesu, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa mashamba na vichaka.

Lakini mji huo mdogo ulikuwa na ukubwa wa namna nyingine. Ni miaka saba tu iliyokuwa imepita tangu Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, kuuvunja utawala wa Wamazrui mwaka 1837. Muyaka bin Haji, mshairi aliyeyatoa mashairi msikitini na kuyapeleka sokoni, alikuwa amefariki yapata mwaka 1840. Waliomsikia Muyaka kwa masikio yao walikuwa bado hai. Kimvita alichokikuta Krapf, kwa hivyo, hakikuwa lahaja iliyokuwa ikingoja kugunduliwa. Kilikuwa lugha ya malumbano, ya hukumu, ya biashara na ya utenzi, na kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya Mjerumani huyo kutia nanga.

Krapf alikwenda kwanza Unguja, ambako Sayyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka 1844 yeye na Rosine walifanya makao Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kuitafsiri Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Biblia, kwa Kiswahili. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa.

Inafaa kusita kidogo hapa. Mmisionari wa Kikristo aliyekuja kwa nia ya kueneza dini yake alipewa lugha ya kuienezea na kadhi wa Kiislamu. Sheikh Ali aliielewa vyema habari ya kuumbwa kwa ulimwengu, ya Adamu na ya Nuhu, kwa kuwa ni habari anazozijua kila Mwislamu. Uungwana wa mwenyeji kwa mgeni, pamoja na mapenzi ya elimu, ulitosha kuwaketisha wawili hao penye kitabu kimoja. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society.

Wiki tano

Kutoka tarehe 8 Juni hadi tarehe 13 Julai ni wiki tano kamili. Katika wiki hizo ndipo nyumba ya Krapf ilipovunjika.

Mwanzoni mwa Julai Krapf alishikwa na homa kali. Siku chache baadaye Rosine naye akaugua. Tarehe 6 Julai, akiwa katika hali hiyo, alijifungua mtoto wa kike. Homa ya pwani, ambayo leo hudhaniwa kuwa ni malaria, ilikuwa haijaeleweka chanzo chake, na uhusiano wake na mbu ulikuja kuthibitishwa mwishoni mwa karne ile. Isitoshe, ulikuwa msimu wa kusi, na barua iliyoandikwa kuelekea Ulaya ingechukua miezi kufika. Mgonjwa alikuwa na mumewe, ambaye mwenyewe hakuweza kusimama, na watumishi wa nyumbani.

Rosine alipoona kwamba hatapona, aliwaita watumishi hao, ambao walikuwa Waislamu, akawausia kwa mujibu wa imani yake. Alimwomba mumewe asimpambe kwa sifa atakapoandika habari zake. Aliomba pia azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, katika njia wanayopita Wamijikenda, ili kaburi lake liwe ukumbusho wa kilichowaleta. Alifariki tarehe 13 Julai 1844, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Rosine alizikwa upande wa Nyali, na kaburi lake lipo hadi leo.

Krapf aliwaandikia wakuu wake London kuwaarifu. Katika barua hiyo aliligeuza kaburi kuwa hoja. Aliwaeleza kwamba kuwako kwa kaburi la mmisionari katika ardhi ya Afrika Mashariki ni ishara kuwa mapambano yameanza, na kwamba wakati umefika wa kuleta watu zaidi. Msomaji wa leo anaweza kuona ugumu wa moyo katika maneno ya namna hiyo, na anaweza pia kuona mtu anayetafuta maana ya kumzuia asizame. Huenda yote mawili ni kweli.

Lugha baada ya msiba

Krapf hakuondoka. Aliendelea kukaa Mombasa karibu miaka miwili akiwa mmisionari pekee, akijifunza Kiswahili na lugha za Wamijikenda, akitafsiri na kukusanya msamiati. Mtu asiye na familia katika mji wa ugenini huishi kwa kuzungumza na majirani, wachuuzi, mabaharia na wageni wapitao. Kamusi yake inaonyesha hivyo. Haikusheheni maneno ya kanisani tu. Imejaa maneno ya vyakula, vyombo vya bahari, uvuvi, mavazi, maradhi, mila na desturi, na mara kwa mara hulinganisha Kimvita na lahaja nyingine pamoja na lugha za bara. Kwa mtafiti wa historia ya msamiati, hiyo ni hazina isiyopatikana kwingineko.

Tarehe 10 Juni 1846 aliwasili Johannes Rebmann, kijana wa Württemberg kama yeye. Miezi miwili baadaye walihamia Rabai kwa idhini ya wazee wa huko, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Kutoka Rabai Rebmann alikwenda Uchaga na kuiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848. Naye Krapf, kwa msaada wa Kivoi, kiongozi maarufu wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya mwezi wa Desemba 1849. Wataalamu wa jiografia wa Ulaya waliwakejeli kwa miaka kadhaa, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Rabai nayo ilikuwa na nyumba yake ya huzuni. Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma Tyler huko Misri, akaja naye. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Emma mwenyewe aliishi na kufanya kazi Rabai hadi alipofariki mwaka 1866. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu, baada ya miaka 29. Majina ya Rosine na Emma hayamo katika orodha za waasisi wa taaluma ya Kiswahili, ilhali nyumba walizozisimamia ndizo zilizoifanya kazi hiyo iwezekane.

Miaka ya mwisho

Afya ilimlazimisha Krapf kuondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Alibeba miswada ya tungo za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ukiwamo Utendi wa Tambuka, ambayo iliwekwa katika maktaba ya chama cha wataalamu wa lugha za mashariki huko Halle, Ujerumani. Kwa hatua hiyo peke yake wanafunzi wa fasihi wana deni kwake. Alioa tena mwaka 1856, na baada ya mke huyo kufariki alioa mara ya tatu. Alirejea pwani kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na baadaye akawa mkalimani katika vita vya Waingereza huko Uhabeshi. Alifariki Korntal, karibu na Stuttgart, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata.

Tathmini

Sifa za Krapf hazipaswi kufunika kasoro zake. Alipendekeza Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa hofu kwamba hati za Kiarabu zingeuimarisha Uislamu. Aliandika kwa dharau kuhusu dini ya watu waliomkaribisha na kumfundisha. Ni kinaya kwamba mtu aliyetaka kuitenga lugha hii na Uislamu alianza kuitafsiria akiwa ameketi na kadhi. Kinaya kingine kilimsubiri baada ya kifo chake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa penyewe uliamua Kiunguja, wala si Kimvita, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamusi ya Krapf ikabaki ghala la lahaja iliyoachwa kando.

Hata hivyo, ghala hilo lina thamani kubwa. Anayelifungua leo atasikia Mombasa ya miaka michache baada ya Muyaka, kama ilivyonenwa barazani, jikoni na bandarini. Taaluma ya Kiswahili ikitaka kuwa ya haki, haina budi kulitaja jina la Krapf pamoja na majina ya Sheikh Ali bin Muhyiddin aliyempa lugha, Rosine aliyelala Nyali, mabinti wawili ambao hawakuishi, na wazee wa Rabai waliompa mahali pa kujenga. Kamusi ni kazi ya mkono mmoja unaoandika na vinywa vingi vinavyosema. Mkono huo umekwisha kutajwa vya kutosha. Vinywa bado vinangoja zamu yao.