RONALD NGALA: MWALIMU ALIYEINGIA BUNGENI

Msomaji mpenzi, wengi wetu tunalijua jina la Ngala kwa sababu ya ile barabara ya Nairobi tu. Hebu nikusimulie habari zake.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 huko Kilifi, katika jamii ya Wagiriama. Alisoma Alliance, kisha Makerere, akarudi Pwani kushika chaki. Siku hizo Mwafrika hakuwa na kura ya kumchagua mjumbe. Mlango ulifunguliwa Machi 1957, tena nusu tu: Waafrika wa nchi nzima walipewa viti 8, na kura zilitegemea elimu na mali ya mtu. Mwingine alipata kura 3, mwingine hata moja hakupata! Mwalimu Ngala akashinda kiti cha Pwani. Yeye na wenzake, wakiwemo Mboya, Odinga, Moi na Muliro, walikataa katakata vyeo vya uwaziri, wakidai viti zaidi. Mwaka wa 1958 viti 6 vikaongezwa.

Mwaka wa 1960 akawa kiongozi wa KADU, chama kilichodai majimbo kwa kuwa makabila madogo yaliogopa kumezwa. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa. Ngala akakubali kuiongoza, na lawama akazipata. Mwaka wa 1963 KADU ilishindwa, naye akaongoza upinzani. Wabunge wake wakaanza kuhama mmoja mmoja, na Novemba 1964 akakivunja chama.

Hapa ndipo tunapobishana. Wako wanaosema alisalimu amri. Mimi naona aliiepusha nchi changa na fujo. Lakini tusidanganyane, ile hofu haikwisha. Majimbo yalifutwa, na wanyonge wakangoja hadi katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47. Kaunti si majimbo yale, ila swali ni lile lile: mtu wa kijijini asikilizwe vipi Nairobi?

Ngala aliingia uwaziri mwaka wa 1966. Aliaga dunia tarehe 25 Desemba 1972, baada ya ajali ya barabarani. Waama, si kila anayeshindwa kura alikuwa na hoja mbaya. Vijana wenzangu, tujifunze kumsikiliza hata aliye na viti vichache.