Florence Merriam Bailey, Bibi wa Darubini

Huyu bibi alizaliwa Marekani mwaka 1863. Enzi hizo wataalamu wengi waliwapiga ndege risasi kwanza, ndipo wawachunguze. Akiwa Chuo cha Smith, mwaka 1886, aliwashawishi wanafunzi wenzake wakatae kofia za manyoya ya ndege. Mwaka 1889 akatoa kitabu cha kuwafunza watu kutazama ndege kwa darubini ndogo ya kutazamia michezo ya jukwaani.

Mimi nilidhani darubini bora ni ile inayokuza zaidi. Kumbe wapi! Ikikuza mno, mkono ukitikisika kidogo tu ndege kapotea, mpaka uisimamishe juu ya miguu mitatu. Yake ilikuza kidogo, naye aliketi kimya akingoja. Aliendelea kuandika juu ya ndege hadi uzeeni, akafariki mwaka 1948.