Maria Merian: Alifuga viwavi wengine wakiwakanyaga

Ukipata kiwavi kwenye sukumawiki, pengine utamtupa kwa pipa la taka bila kufikiria mara mbili. Maria Sibylla Merian angemtia kwenye kijisanduku, amletee majani ya mmea uleule aliomkuta akiula, kisha akae asubiri aone atageuka kuwa nini. Ni tabia hiyo iliyomfanya mmoja wa watu wa kwanza kueleza vizuri maisha ya wadudu.

Merian alizaliwa 1647 mjini Frankfurt, Ujerumani. Babake, mchapishaji wa vitabu, alifariki Maria akiwa na miaka mitatu tu. Mamake aliolewa tena na mchoraji wa maua, Jacob Marrel, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfunza kuchora. Alipofika miaka 13, wakati wenzake wanawaza mambo mengine, yeye alikuwa anafuga viwavi wa hariri.

Sasa elewa hali ilivyokuwa siku hizo. Watu wengi, hata wasomi, waliamini ati wadudu hujitokea wenyewe tu kwenye matope, uchafu au nyama iliyooza. Wadudu walionekana kuwa viumbe wa kuchukiza, na wachache sana walijisumbua kuwachunguza.

Merian alijionea mwenyewe. Nondo, yule jamaa wa kipepeo anayezunguka taa usiku, hutaga mayai. Yai hutoa kiwavi, ambaye kazi yake ni kula na kukua, akijivua ngozi kila inapombana. Akishiba na kukomaa, anageuka pupa. Wa hariri hujifunika kwanza kwa nyuzi. Ndani ya pupa mwili unaundwa upya, na anayetoka ana mabawa. Leo haya unafunzwa shule ya msingi. Wakati huo, yalihitaji mtu wa kukesha na sanduku la viwavi.

Aliolewa akiwa na miaka 18 na akapata mabinti wawili, Johanna na Dorothea. Kulea hakukumzuia kufuga. Mnamo 1679 alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu viwavi, chenye picha 50, na 1683 akaongeza cha pili. Kilichokuwa kipya ni mpangilio: kwenye ukurasa mmoja alichora kiwavi, pupa, nondo au kipepeo, pamoja na mmea ambao kiwavi huyo hula. Alikuwa ameng’amua kwamba kiwavi wengi huchagua chakula. Mnyime mmea wake, hata umrundikie majani mengine, atakufa. Kwa hivyo ukifyeka mmea, umefyeka na kipepeo wake.

Kuna jambo jingine lililomshangaza. Mara nyingine alingoja kipepeo, kumbe kwenye pupa wanatoka vijidudu vingine kabisa! Hakuwafuta kwenye kumbukumbu zake, aliwachora. Leo tunajua wengi wa wadudu hao ni nyigu wadogo ambao hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wao wanamla kutoka ndani. Hapa kwetu ujuzi huo una faida shambani. Mnamo 1993, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, jijini Nairobi, kilianza kuwaachilia nyigu wa aina hiyo Pwani ili wapunguze viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi.

Ndoa ya Merian ilivunjika. Mnamo 1691 alihamia Amsterdam, Uholanzi, pamoja na mabinti zake. Huko aliona makabati ya matajiri yaliyojaa vipepeo wakavu kutoka nchi za mbali. Walipendeza, lakini hakuna aliyejua walikula nini wala walianza vipi. Basi akauza michoro yake 255, na mwaka wa 1699, akiwa na miaka 52, akapanda meli na Dorothea kwenda Suriname, Amerika Kusini. Safari hiyo alijilipia mwenyewe, jambo ambalo mwanamke wa enzi hiyo hakutarajiwa kufanya.

Suriname ilikuwa koloni la Uholanzi, nchi ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Wenye mashamba walimcheka, maana wao walijali sukari tu. Waliomsaidia hasa ni watumwa na wenyeji wa nchi, ambao walimfungulia njia msituni, wakamletea wadudu na kumweleza matumizi ya mimea. Merian naye alitumia kazi ya watumwa, na majina ya wasaidizi wake hakuyaandika. Lakini aliandika waliyomweleza wanawake watumwa: kwamba kuna mmea wenye maua mekundu ambao walitumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani.

Ugonjwa ulimrudisha Amsterdam mnamo 1701. Miaka minne baadaye alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu wadudu wa Suriname, chenye picha 60. Picha moja ilionyesha buibui mkubwa mwenye manyoya, juu ya tawi la mpera, akimla ndege mdogo anayefyonza maua kama chozi wetu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kuna wataalamu waliosema hiyo ni hekaya. Kisha mnamo 1863, mtafiti Henry Walter Bates akaandika kwamba alimwona kwa macho yake buibui wa namna hiyo na ndege aliowanasa, huko Amazon. Mama alikuwa sawa.

Merian alifariki Januari 13, 1717, baada ya kuugua kiharusi. Dorothea alikwenda Urusi kufanya kazi kwa Mfalme Peter, aliyekuwa amenunua michoro ya mamake. Mwanasayansi Carl Linnaeus alitumia picha za Merian kutambulisha aina kadhaa za viumbe, na Ujerumani ikaja kuweka sura yake kwenye noti ya maki 500.

Kwa hivyo ukikutana na kiwavi wikendi hii, kabla hujamtupa, angalia kwanza yuko kwenye mmea gani. Merian angeanzia hapo.