HALFORD MACKINDER, MLIMA KENYA NA WALE WALIOBEBA MIZIGO

Wahenga walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mgagaji mmoja, Halford John Mackinder, anayetajwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya. Pia nitawaonyesha vile sisi watu wa Nakuru tunaingia katika hadithi hiyo.

Mackinder alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika mji wa Gainsborough, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Alisomea Oxford, na kuanzia mwaka wa 1887 akafundisha jiografia huko huko. Wakati huo wasomi wengi waliidharau jiografia, wakiona ati si somo la chuo kikuu. Mackinder aliipigania. Lakini mtu wa jiografia alitarajiwa pia awe msafiri, naye alikuwa mtu wa vitabu tu. Kilimanjaro ilikuwa imeshapandwa na Mjerumani Hans Meyer mwaka wa 1889. Mlima Kenya ulikuwa bado. Teleki, tajiri wa Hungary, alijaribu mwaka wa 1887 akarudi bila kufika juu.

Mwaka wa 1899 reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi, na Mackinder akaona nafasi ndiyo hii. Mwezi wa Julai alianza safari ya miguu kutoka Nairobi. Msafara ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Ukijumlisha ni watu 170! Kati ya Wazungu hao, César Ollier na Joseph Brocherel walikuwa viongozi wa kupanda milima kutoka Courmayeur, Italia.

Safari yenyewe haikuwa mchezo. Nchi ya Wakikuyu ilikuwa imekumbwa na njaa na ndui. Wenyeji hawakuwa na chakula cha kuuza, na wapagazi wengine walitoroka, wengine wakaiba vijijini. Chuki ikazuka. Walipofika chini ya mlima mwezi wa Agosti, chakula kilikuwa kimekwisha na watu wawili wa msafara walikuwa wameuawa.

Hapo ndipo Naivasha inapoingia. Mackinder alimtuma mwenzake Saunders avuke milima ya Nyandarua hadi Naivasha kuomba msaada kwa afisa wa serikali, Kapteni Gorges. Huku nyuma Mackinder alijaribu kupanda tarehe 30 Agosti, usiku ukamkuta karibu na kilele cha Nelion, akarudi. Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel walijaribu upande mwingine, dhoruba ya theluji ikawafukuza. Basi Saunders akarudi na msaada kutoka Naivasha. Mackinder, Ollier na Brocherel wakapanda tena, wakalala kwenye mwamba baridi ikiwauma, na kesho yake wakachonga ngazi kwenye barafu. Saa sita mchana, tarehe 13 Septemba 1899, walisimama juu ya Batian, mita 5,199. Hakuna mwingine aliyefika hapo hadi 1929, miaka 30 baadaye.

Vilele alivipa majina ya Kimaasai: Batian kwa heshima ya Mbatian, laiboni mkuu, Nelion kwa ndugu yake Nelieng, na Lenana kwa mwanawe. Gorges naye alipewa bonde. Hausburg, mpiga picha wa msafara, pia ana bonde.

Mackinder hakupanda tena mlima kama huo. Aliongoza chuo cha uchumi cha London kutoka 1903 hadi 1908, akawa mbunge kutoka 1910 hadi 1922, na mwaka wa 1920 akapewa cheo cha Sir. Hotuba yake ya 1904 kuhusu nguvu za mataifa ya bara la ndani la Ulaya na Asia inasomwa mpaka leo. Alifariki tarehe 6 Machi 1947 akiwa na miaka 86.

Mimi simnyimi sifa zake, alikuwa jasiri. Lakini nauliza, wale wapagazi walikuwa nani? Wao walibeba mahema, kamba na unga. Wao walilala njaa. Wawili hawakurudi nyumbani. Katika ramani ya mlima nimetafuta jina la mpagazi hata mmoja, sijaliona. Jambo hili linaniuma kwa sababu mjomba wangu ni mpagazi kule Naro Moru. Wageni hutembea na chupa ya maji tu, yeye na wenzake wamebeba chakula na mahema, na huwa wamefika kambini mbele yao na chai imechemka. Wageni wakishuka hupewa vyeti vya kufika kileleni. Mjomba amefika mara nyingi kuliko wao, cheti hana.

Wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Tukisoma kwamba fulani alipanda mlima, tuulize pia nani alibeba mzigo. Na barafu ile aliyoikanyaga Mackinder inazidi kuyeyuka, nyingine imekwisha kabisa. Tusingoje hadithi za waliobeba ziyeyuke nazo. Kama una babu au mjomba aliyebeba mizigo ya wengine, chukua kalamu leo umuulize.