Mzee Lyon, bingwa wa Toronto

Ndugu zangu, Tiger Woods tunamjua sote, lakini huyu wa hapa hapa Toronto wengi hatumjui. George Lyon alizaliwa Richmond, Ontario, mwaka 1858. Kazi yake ilikuwa kuuza bima na mchezo wake kriketi. Mwaka 1894 alipata mikimbio 238 bila kutolewa, rekodi ya Kanada wakati huo. Gofu aliianza akiwa na miaka 38!

Mwaka 1904 akaenda Olimpiki ya St. Louis, Marekani. Watu walimcheka, maana alizungusha fimbo kama mtu wa kriketi. Fainali akakutana na Chandler Egan, bingwa wa ridhaa wa Marekani, kijana wa miaka 20. Yeye alikuwa na 46. Wakacheza kutwa, mvua inanyesha, na mzee akashinda akiwa mbele kwa mashimo matatu huku yamebaki mawili tu. Kwenda kuchukua kombe, jamaa akatembea kwa mikono, miguu juu!

Mwaka 1908 alivuka bahari hadi London kutetea ubingwa. Waingereza wakagombana wenyewe kwa wenyewe, wakajitoa, akabaki peke yake. Akapewa dhahabu ya bure, akaikataa. Kwangu mimi, hapo ndipo ushujaa wake ulipo. Alifariki hapa Toronto mwaka 1938, na gofu haikurudi Olimpiki mpaka Rio, 2016.

Mimi nina miaka 30, bado naandika tasnifu, na nyumbani wanauliza namaliza lini. Wakipiga simu tena, nitawasimulia habari za Mzee Lyon.