Butler: Aliyekikaribia Kiti Asikikalie

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Wao hao wakanena tena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo napenda kumweleza msomaji maisha ya mtu mmoja wa Uingereza ambaye methali hizi mbili zilimgombania umri wake wote. Mtu huyo ni Bwana Richard Austen Butler, ambaye wenzake walimwita Rab. Alishika karibu kila cheo kikubwa katika serikali ya nchi yake ila kimoja, cha Waziri Mkuu, na hicho alikikaribia mara mbili.

Butler alizaliwa tarehe 9 Desemba 1902 huko Attock, katika Bara Hindi, mahali ambapo leo ni Pakistan. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika mkono wa kulia, na mkono huo haukupona sawasawa maisha yake yote. Alisoma Cambridge, na mwaka 1929 akaingia Bungeni kwa chama cha Conservative, akiwakilisha Saffron Walden. Kiti hicho hakukiacha mpaka 1965.

Kazi yake iliyodumu kuliko zote ni Sheria ya Elimu ya 1944. Kwa sheria hiyo watoto wa maskini walipata kusoma katika shule za sekondari za serikali bila ya kulipa karo. Baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, kisha Waziri wa Mambo ya Ndani. Lakini walikuwapo waliomwekea kinyongo, kwani kabla ya vita vya Hitler alikuwa upande wa Chamberlain katika ile siasa ya kumbembeleza Hitler ili vita visizuke.

Mara ya kwanza kiti kilipomkaribia ilikuwa kwa sababu ya Suez. Nimewasikia wazee wetu barazani wakilitaja jina la Anthony Eden kama la mtu aliyejichimbia kaburi mwenyewe. Mwaka 1956 Gamal Abdel Nasser alipoutaifisha Mfereji wa Suez, Eden aliingia vitani pamoja na Ufaransa na Israeli, kisha akalazimika kusimamisha vita. Afya yake ikamharibikia akaenda Jamaica kupumzika. Aliyebaki London akiiangalia serikali, na kuishika kazi chungu ya kuwaondoa askari Misri, ni Butler. Eden alipojiuzulu tarehe 9 Januari 1957, wengi walidhani mrithi ni yeye. Chama hakikupiga kura. Lord Salisbury na Lord Kilmuir waliwaita mawaziri mmoja mmoja na kuwauliza wamtaka nani, nao karibu wote wakamtaja Harold Macmillan. Butler akanyamaza, akaendelea na kazi.

Mara ya pili ilikuwa Oktoba 1963, na hapa hadithi yatugusa sisi watu wa Mwambao. Siku hizo viongozi wetu walikuwa London katika mkutano wa katiba wa Lancaster House. Tarehe 8 Oktoba ulitiwa sahihi mkataba wa ukanda wa maili 10, uliokuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, ili uwe sehemu ya Kenya huru. Bwana Jomo Kenyatta na Sheikh Mohammed Shamte walikuwa wamekwisha kuandikiana barua zilizotaja uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi. Jioni ya siku hiyo hiyo Macmillan alipelekwa hospitali, naye akaamua kung'atuka. Butler, aliyekuwa naibu wake, akakalia tena kiti cha mwenziwe kama mlinzi.

Chama kilikuwa na mkutano wake mkuu huko Blackpool, na mashindano yakafanyika mbele ya watu. Lord Hailsham alitangaza kuwa yu tayari kuuvua ulodi wake ili agombee. Reginald Maudling naye akatajwa. Butler alitoa hotuba ya kufunga mkutano, lakini haikuwasisimua watu. Macmillan, akiwa kitandani, aliagiza wakubwa wa chama wachunguze maoni, nao wakamletea jina la Lord Home, Waziri wa Mambo ya Nje. Usiku wa tarehe 17 mawaziri kadha wakakusanyika nyumbani kwa Enoch Powell, wakaafikiana kumuunga mkono Butler, wakampelekea habari. Asubuhi yake Malkia alikwenda hospitali, Macmillan akajiuzulu na kumshauri amwite Home.

Hapo ndipo penye fundo. Home hakupewa uwaziri mkuu papo hapo. Aliambiwa atazame kama aweza kuunda serikali. Lau Butler angekataa kumtumikia, yamkini Home asingeweza. Powell na Iain Macleod walikataa, wakatoka. Butler alikubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na tarehe 19 Oktoba Home akawa Waziri Mkuu.

Wako wasemao kuwa alikuwa mwoga. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeviondoa vikosi Suez huku wenzake wakimnung'unikia si mwoga. Naona alichelea kukipasua chama chake, na pia aliitegemea mno desturi. Alidhani ukitumika vyema, wakubwa watakuona. Lakini desturi isiyoandikwa ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aulizaye maswali na kuyahesabu majibu. Watu wetu, katika mwezi ule ule, walitaka mambo yao yaandikwe na yatiwe sahihi, na serikali ya London ilipobadilika, karatasi ile haikubadilika.

Chama cha Conservative nacho kikajifunza. Kilishindwa katika uchaguzi wa Oktoba 1964, na mwaka 1965 kikaweka kanuni ya wabunge kumchagua kiongozi kwa kura. Wa kwanza kuchaguliwa hivyo alikuwa Edward Heath. Kwa Butler kanuni hiyo ilichelewa, kwani mwaka huo aliiacha siasa akaenda Cambridge kukiongoza chuo cha Trinity, mpaka 1978. Alifariki tarehe 8 Machi 1982.

Kiti hakukipata. Lakini wako mawaziri wakuu ambao leo hawakumbukwi kwa lolote, na shule alizowafungulia watoto wa maskini zilisomesha vizazi.